Kazi Nyingi Katika Kikao Kimoja: Klasta ya Kompyuta na Jibu la Mgonjwa wa Kifua Kikuu

Utangulizi

Mgonjwa anayetoa makohozi kwa ajili ya kupimwa kifua kikuu hutarajia kwamba sampuli yake itapita maabara na kurudi ikiwa jibu. Kwa wagonjwa wengi safari hiyo ni fupi, kwa kuwa kipimo cha GeneXpert hutambua vimelea vya kifua kikuu pamoja na usugu dhidi ya rifampisini kwa muda wa takriban saa 2. Hata hivyo, usugu unapogundulika, au matibabu yanaposhindwa kuleta nafuu, daktari huhitaji kujua zaidi. Ni dawa zipi nyingine ambazo vimelea hivyo havizisikii? Ni zipi ambazo bado zina nguvu ya kuviua?

Mojawapo ya njia za kupata jibu hilo ni kusoma jenomu nzima ya bakteria. Hapo sampuli hutoka kwenye meza ya mtaalamu wa maabara na kuingia mahali ambapo mgonjwa hapaoni na wahudumu wengi wa afya hawapafahamu: klasta ya kompyuta inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi nyingi za uchambuzi zinavyoendeshwa kwa wakati mmoja ndani ya kikao kimoja cha klasta, na kwa nini jambo hilo linamhusu mgonjwa na anayemhudumia. Yanakusudia kuonyesha kwamba kasi hupatikana kwa kugawa kazi, lakini usalama wa jibu hupatikana kwa kuhesabu: kuhesabu rasilimali kabla ya kuanza, na kuhesabu majibu baada ya kumaliza.

Kwa nini kompyuta ya kawaida haitoshi

Jenomu ya bakteria wa kifua kikuu, ambayo ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, ina takriban herufi milioni 4.4 za vinasaba. Mashine nyingi za kusoma vinasaba hazisomi jenomu hiyo moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Huisoma kwa vipande vifupi, na kila eneo husomwa mara nyingi ili makosa ya usomaji yajulikane. Ikiwa kila kipande kina herufi 150, na kila eneo linasomwa kwa wastani mara 50, sampuli moja itazalisha vipande vinavyokaribia milioni moja na nusu.

Kazi ya kompyuta ni kukipeleka kila kipande mahali pake kwenye jenomu ya kulinganishia, kutafuta herufi zilizobadilika, kisha kuyalinganisha mabadiliko hayo na orodha ya mabadiliko yanayojulikana kuleta usugu. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya aina hiyo mwaka 2021, na toleo lake la pili likafuata mwaka 2023. Kwa mfano, mabadiliko katika sehemu fulani ya jini la rpoB huashiria usugu dhidi ya rifampisini.

Sampuli moja ya namna hii inaweza kuchambuliwa kwenye kompyuta nzuri ya mezani. Lakini maabara haipokei sampuli moja. Hupokea makumi, na mashine ya kusoma vinasaba huzisoma nyingi kwa mkupuo. Zikipangwa kuchambuliwa moja baada ya nyingine, sampuli ya mwisho itangoja siku kadhaa. Mwenye sampuli hiyo huenda anaendelea kumeza dawa zisizomsaidia, huku akiwaambukiza wa nyumbani kwake.

Klasta ni nini

Klasta ni kundi la kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao wa ndani ili zifanye kazi kama chombo kimoja. Wazo la kuunganisha kompyuta za kawaida badala ya kununua mashine moja ya gharama kubwa lilipata umaarufu mwaka 1994, pale Thomas Sterling na Donald Becker wa shirika la anga la Marekani, NASA, walipounda klasta waliyoiita Beowulf. Leo vyuo vikuu na taasisi nyingi za utafiti wa afya hutumia vyombo vya namna hiyo.

Kila kompyuta ndani ya klasta huitwa nodi. Nodi ina mambo matatu ambayo msomaji anapaswa kuyatofautisha. La kwanza ni viini vya prosesa, yaani sehemu zinazofanya hesabu. Tuviite mikono ya kazi. La pili ni memori, ambayo ni mithili ya meza ambapo kazi iliyo mkononi hutandazwa. La tatu ni diski, ambayo ni stoo ya kuhifadhia mafaili kabla na baada ya kazi. Mikono ikiwa mingi lakini meza ni ndogo, kazi hukwama. Meza ikiwa kubwa lakini mlango wa stoo ni mwembamba, watu husongamana mlangoni.

Kwa sababu watumiaji ni wengi, pana programu inayosimamia foleni. Mojawapo inayotumika sana ni Slurm, ambayo ilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani. Mtumiaji huiambia programu hiyo anahitaji viini vingapi, memori kiasi gani na kwa muda gani. Nafasi inapopatikana, hupewa mgao wake, na muda anaotumia mgao huo ndio tunaouita kikao katika makala haya.

Ni vyema kukumbuka kwamba nodi ambayo mtumiaji huifikia kwanza anapoingia kwenye klasta ni mapokezi tu. Haikuwekwa kwa ajili ya kazi nzito. Anayeendesha uchambuzi hapo huwazuia wenzake wote kuingia, kama vile mtu angefunga kidonda katikati ya mlango wa hospitali.

Hesabu kabla ya kuanza

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mtaalamu ana sampuli 96 za kifua kikuu. Amepewa kikao chenye viini 32, memori ya gigabaiti 128, na muda wa saa 12. Amekwisha kujaribu sampuli moja na kuona kwamba inatumia viini 4, inahitaji memori ya gigabaiti 12 inapofikia kilele, na inachukua dakika 40.

Ni sampuli ngapi zinaweza kuchambuliwa kwa pamoja? Kwa upande wa viini, 32 gawanya kwa 4 ni 8. Kwa upande wa memori, 128 gawanya kwa 12 ni 10 na kidogo kinabaki. Kanuni ni kuchukua idadi iliyo ndogo zaidi, yaani 8. Sampuli 96 zikiendeshwa nane nane zitakuwa na mizunguko 12, na kila mzunguko una dakika 40. Jumla ni saa 8. Kikao kinatosha, na saa 4 zinabaki kwa ajili ya kurudia zitakazoshindikana. Zingeendeshwa moja moja kwa viini vinne vinne, zingechukua saa 64, yaani siku 2 na saa 16, ilhali viini 28 vingekaa bure muda wote huo.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini viini vyote 32 visipewe sampuli moja ili iishe haraka, kisha ifuate nyingine? Jibu lilitolewa na Gene Amdahl mwaka 1967. Karibu kila kazi ina sehemu ambayo haigawanyiki, na sehemu hiyo ndiyo inayoweka kikomo cha kasi. Ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, viini 32 vitaiharakisha takriban mara 8 tu, si mara 32, na hata viini vingeongezwa bila kikomo, kasi isingefika zaidi ya mara 10. Kwa hiyo, pale sampuli zinapokuwa nyingi na hazitegemeani, ni busara zaidi kuziendesha kadhaa kwa pamoja, kila moja na viini vichache.

Kinyume chake pia ni hatari. Anayezianzisha sampuli zote 96 kwa mara moja anadai memori ya gigabaiti 1,152, ambayo ni mara 9 ya ile aliyopewa. Memori inapojaa, mfumo wa kompyuta huanza kuua kazi ili kuinusuru nodi. Hauchagui kwa kuangalia ni mgonjwa gani aliye mahututi.

Njia za kuziendesha kazi kwa pamoja

Njia ya kwanza ni kuzianzisha kazi kadhaa nyuma ya pazia kwa alama ya & mwishoni mwa kila amri, kisha kuandika amri ya wait ili kikao kisifungwe kabla hazijaisha. Njia hii ni nyepesi na inafaa kwa kazi chache, lakini haina breki: haijui kwamba kazi ya tisa yafaa isubiri.

Njia ya pili ni kutumia msimamizi mdogo ndani ya kikao, kama vile xargs au GNU Parallel. Huyu hupewa orodha ya sampuli na idadi ya juu inayoruhusiwa kwenda kwa pamoja. Kazi moja ikiisha, huingiza inayofuata. Kwa mfano wetu, angeambiwa zisizidi 8.

Njia ya tatu ni kutumia amri ya srun ndani ya kikao cha Slurm, ili kila sampuli iwe hatua yenye mgao wake. Kila hatua inapaswa kutajiwa wazi viini na memori yake. Isipotajiwa, hatua ya kwanza huweza kushika mgao wote, na nyingine zikabaki zikisubiri huku mwenye kikao akidhani zinaendelea.

Njia ya nne ni kuacha kikao kimoja kikubwa na kupeleka kazi 96 ndogo zenye namba, kwa agizo kwamba zisizidi 8 kwa wakati mmoja. Slurm yenyewe itazipanga kila nafasi inapojitokeza. Mara nyingi njia hii ndiyo yenye haki zaidi kwa watumiaji wengine, kwa sababu haishiki nodi nzima kwa saa nyingi.

Katika njia tatu za mwanzo, kikao kiendeshwe ndani ya programu kama tmux au screen. Intaneti ikikatika au umeme ukizimika ofisini, kazi zitaendelea kwenye klasta, na mtumiaji atakaporudi atazikuta zikiendelea.

Makosa yanayojificha

Kosa la kwanza ni programu zinazojichukulia viini bila kuulizwa. Programu kadhaa za uchambuzi hutazama nodi ina viini vingapi, kisha huvitumia vyote. Kazi 8 za namna hiyo kwenye nodi ya viini 32 huzalisha nyuzi 256 za hesabu zinazogombania mikono 32. Kazi zote hupungua mwendo, na muda wa kikao huisha kabla hazijakamilika. Dawa yake ni kuiambia kila programu kwa namba idadi ya viini inavyoruhusiwa kutumia.

Kosa la pili ni stoo moja kuvamiwa na wengi. Kazi zinazosoma na kuandika mafaili makubwa kwa pamoja huweza kusubiri diski kuliko zinavyofanya hesabu. Mtumiaji akiona kazi 8 zinakwenda polepole kuliko 6, asiongeze, apunguze.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote. Kazi mbili zinaweza kuandika kwenye faili moja la muda kwa sababu mwandishi wa maagizo alilipa jina lisilobadilika. Kazi zinapokwenda moja moja, kosa hilo halionekani. Zikienda kwa pamoja, vipande vya sampuli ya mgonjwa mmoja vinaweza kuingia katika matokeo ya mwingine, na ripoti ikatoka safi, yenye jina la sampuli na tarehe, lakini ikiwa si yake. Kwa hiyo kila sampuli iwe na folda yake yenyewe, na kila faili la muda libebe namba ya sampuli husika.

Ukimya si jibu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika klasta, kinachopotea bila habari ni sampuli.

Kazi iliyouawa kwa kukosa memori au kwa kupitiliza muda huweza kuacha faili tupu, au faili lililokatikia njiani. Programu inayokusanya matokeo ikilifungua faili hilo, haioni badiliko lolote la usugu. Kama haikuelekezwa kutofautisha, itaandika kwamba hakuna usugu uliogunduliwa. Kwa daktari, maneno hayo yanamaanisha dawa zitafanya kazi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyetazama.

Ndiyo maana mtaalamu makini hufanya mambo manne kabla ya kutoa ripoti yoyote. Kwanza, huhesabu: sampuli 96 zimeingia, je, majibu 96 kamili yametoka? Pili, hukagua namba ambayo kila kazi huiacha inapomalizika. Sifuri humaanisha imeisha salama, na namba nyingine yoyote ni kilio cha kuomba uchunguzi. Tatu, hutazama kama maeneo muhimu, likiwemo jini la rpoB, yalisomwa mara za kutosha. Eneo ambalo halikusomwa haliwezi kutangazwa kuwa halina badiliko. Nne, huweka katika kila kundi sampuli ya bakteria ambao jenomu yao inajulikana. Jibu lao likitoka tofauti na linalojulikana, kundi zima husimamishwa hadi chanzo kibainike.

Kazi zilizoshindikana hurudiwa zenyewe tu, si kundi zima. Hapo ndipo zile saa 4 zilizobaki katika mfano wetu zinapofaa.

Haki miongoni mwa wanaoshiriki

Kila kiini ambacho mtu mmoja anakishika bila kukitumia ni kiini ambacho mwenzake anakisubiri. Aliyeomba memori ya gigabaiti 128 ilhali anatumia 20 amewafungia wengine mlango. Slurm inaweza kupangwa ili ambaye ametumia sana siku za karibuni ashuke kwenye foleni, na aliyetumia kidogo apande. Pia inaweza kupangwa ili kazi fupi zipenyezwe kwenye mapengo wakati kazi kubwa inasubiri nafasi yake. Kwa hiyo anayetaja muda wa kweli mara nyingi huingia mapema kuliko anayetaja muda mrefu kwa hofu. Hata hivyo asikadirie kwa kubana mno, kwani muda ukiisha kazi hukatwa hata kama ilibakiza dakika chache. Kuongeza akiba ya wastani juu ya kile kilichopimwa ni mwendo wa busara.

Kikao kikimalizika mapema, kifungwe. Kukiacha wazi usiku kucha bila kazi ni sawa na kushikilia chumba cha upasuaji baada ya mgonjwa kupelekwa wodini.

Siri ya mgonjwa kwenye mashine ya wengi

Klasta hutumiwa na watu wasiofahamiana, kwa hiyo jina la mgonjwa halipaswi kufika huko. Sampuli iende na namba, na daftari linaloiunganisha namba na jina libaki hospitalini. Folda zifungwe ili zisomwe na wanaohusika pekee, na majina ya mafaili yasibebe jina la mtu wala namba yake ya hospitali, kwani majina ya kazi zilizo kwenye foleni mara nyingi huonekana na watumiaji wote.

Lipo jambo jingine linalosahaulika. Vinasaba vinavyosomwa moja kwa moja kutoka kwenye makohozi huweza kuchanganyika na vinasaba vya mgonjwa mwenyewe. Vipande hivyo vya binadamu viondolewe kabla data haijashirikishwa. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ile ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022, zinawabana wanaoshika taarifa za afya wazilinde, na kompyuta ya pamoja si kisingizio.

Ushauri kwa wahudumu wa afya na wagonjwa

Mhudumu wa afya anayepokea ripoti ya usomaji wa jenomu atazame kama inatofautisha hali tatu: usugu umeonekana, usugu haukuonekana katika eneo lililosomwa vizuri, na eneo halikuweza kusomwa. Ripoti isiyotaja hali ya tatu iulizwe. Pia jibu lisiloafikiana na hali ya mgonjwa au na kipimo cha awali lirudishwe maabara. Kuuliza si kumdharau mtaalamu. Sampuli iliyo ya dharura itajwe mapema, kwa kuwa anayepanga kazi kwenye klasta anaweza kuiweka mwanzoni mwa orodha, lakini hawezi kujua udharura ambao hakuambiwa.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: sampuli yangu imekamilika kuchambuliwa, au bado inasubiri? Kama haikufaulu, je, nitoe nyingine? Wakati akisubiri asiache dawa alizoandikiwa wala kujibadilishia mwenyewe. Afuate maelekezo ya kliniki kuhusu kufunika mdomo anapokohoa na kufungua madirisha, kwa ajili ya anaoishi nao.

Hitimisho

Klasta ya pamoja hupunguza siku za kungoja ziwe saa, iwapo anayeitumia anajua ukubwa wa kazi zake na anatambua kwamba hayuko peke yake. Kuendesha kazi 8 kwa pamoja si ufundi mgumu. Ugumu upo katika nidhamu ya kupima kazi moja kabla ya kuanzisha nyingi, kuipa kila sampuli folda yake, na kukataa kusaini ripoti hadi idadi ya majibu ilingane na idadi ya sampuli. Zikipungua hata moja, mtaalamu arudi kuitafuta, kwa maana iko kliniki ambayo bado inaisubiri.